Je, Wajua? Magazeti ya Picha Yaliyouchora Ukoloni

Kabla ya sinema na televisheni, watu wa London, Paris na Berlin waliiona Afrika na Asia kupitia magazeti ya picha ya kila wiki. Leo kurasa za magazeti hayo hutiwa fremu zikauzwa kama mapambo ya ukutani, na nyingine huzungushwa kwenye simu kana kwamba ni ushahidi usio na walakini. Kabla hujaiamini picha, mjue aliyeichora, aliyeichonga na aliyeiandikia maelezo.

1. Mwanzilishi alikuwa muuza vidonge

Je, wajua kwamba The Illustrated London News, gazeti la kwanza la kila wiki kuzijengea habari zake juu ya picha, lilianzishwa na muuza magazeti? Herbert Ingram alikuwa na kazi ya uchapaji mjini Nottingham, na alijipatia fedha nyingi kwa kuuza vidonge vya Parr, dawa iliyodaiwa kurefusha maisha. Dukani kwake alikuwa amegundua kwamba gazeti lenye picha huisha mapema kuliko mengine. Tarehe 14 Mei 1842 akatoa lake: kurasa 16, picha 32, bei peni sita. Nakala zipatazo 26,000 zikanunuliwa.

2. Toleo la kwanza lilianza na ujanja

Habari kubwa ya wiki hiyo ilikuwa moto ulioteketeza sehemu ya mji wa Hamburg. Gazeti halikuwa na mchoraji huko. Picha ya zamani ya mji ikachukuliwa kutoka British Museum, ikanakiliwa, kisha ikaongezewa moshi, ndimi za moto na watazamaji. Wasomaji walidhani wanaona tukio lenyewe.

3. Ndani ya mwaka mmoja na ushei, mfano ulikuwa umeigwa

L'Illustration lilianza Paris Machi 1843, na Illustrirte Zeitung likafuata Leipzig Julai mwaka huohuo. Harper's Weekly lilitoka New York mwaka 1857, The Graphic likaingia sokoni London Desemba 1869. Mataifa ya Ulaya yalipoketi Berlin mwaka 1884 kuwekeana masharti ya kuigawana Afrika, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani kila moja ilikuwa na gazeti la kuwaonyesha raia wake kile walichokuwa wakinyakua.

4. Picha moja ilichongwa na watu wengi kwa usiku mmoja

Picha hizo zilichapwa kutoka kwenye vibao vya mti mgumu unaokua taratibu, mwingi ukiletwa kutoka pande za Uturuki na Kaukasi. Shina lake ni jembamba, kwa hiyo vipande vidogo viliungwa kwa nyuma kwa skurubu na nati mpaka vikafikia upana wa ukurasa. Mchoraji akishamaliza kazi yake juu ya kibao kizima, vipande vilifunguliwa na kila mchongaji akapewa chake, taa na lenzi mbele yake. Huyu alichonga mawimbi, yule tanga la jahazi, wa tatu nusu ya uso wa mtu. Kulipokucha vipande viliungwa tena, na fundi mkuu akapita kwenye maungio kuisawazisha mistari. Ukishika ukurasa wa zamani karibu na dirisha, mara nyingi utaona mistari myembamba myeupe ikiikata picha toka juu hadi chini. Hapo ndipo vipande vilipokutana.

5. "Kutokana na fotografia" hakukumaanisha fotografia

Je, wajua kwamba kwa miongo kadhaa magazeti hayakuwa na uwezo wa kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi? Fotografia ilitolewa nakala ya mkono juu ya ubao, kisha ikachongwa. Njiani wingu liliweza kuongezwa, mtu akaondolewa, uso ukabadilika. Njia ya vitone, inayogawa picha katika nukta ndogo za wino, ilianza kuonekana magazetini katika miaka ya 1880. The Daily Graphic la New York lilichapa fotografia kwa njia ya namna hiyo tarehe 4 Machi 1880. Iliwachukua wachongaji wa mbao miaka mingine ishirini hivi kupoteza kazi zao.

6. Habari ilifika kwa siku moja, picha kwa wiki kadhaa

Waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879. Kwa hiyo Waingereza walipoipiga mizinga kasri ya Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, London ilijua mapema. Vita vile vilidumu dakika 38 hivi na kuacha Wazanzibari wapatao 500 wakiwa wamekufa au kujeruhiwa, huku upande wa Waingereza akijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini. Michoro na fotografia, hata hivyo, zilipaswa kusafiri kwa meli ya barua kupitia Mfereji wa Suez. Msomaji alikuwa ameshapata maneno ya serikali siku nyingi kabla hajaona kuta zilizobomoka, na alipoziona alijua tayari namna ya kuzifikiria.

7. Mchoraji wa vita alituma nusu tu ya picha

Melton Prior, mchoraji maarufu wa The Illustrated London News, aliandamana na majeshi ya Uingereza kuanzia vita vya Ashanti mwaka 1873 hadi vita vya Makaburu, akipita Uzulu na Sudan. Wachoraji wa aina yake walituma michoro ya harakaharaka yenye maelezo ya pembeni: hapa kilima, hapa farasi, hapa weka askari zaidi. London, watu wengine waliikamilisha. R. Caton Woodville, aliyesifika kwa picha za mapigano, alizijenga nyingi kutokana na michoro ya wenzake. Baadaye magazeti yakaanza kuchapa mchoro wa awali kama ulivyotoka vitani, ili kumthibitishia msomaji kwamba kweli kulikuwa na mtu huko.

8. Aliyepiga mzinga ndiye aliyeleta picha

Si kila mahali palipokuwa na mchoraji wa gazeti. Pengo lilizibwa na maofisa wa jeshi, mabaharia na wahandisi waliojua kuchora, maana uchoraji wa ramani na mandhari ulikuwa sehemu ya mafunzo ya maofisa. Ndiyo maana chini ya picha nyingi za pwani yetu utakuta maelezo kwamba zimetokana na mchoro wa ofisa fulani wa meli ya kivita. Ukikutana na picha ya jahazi la watumwa likikamatwa, jua kwamba huenda mchoraji alikuwa amesimama kwenye sitaha ya meli iliyokuwa ikilikamata.

9. Nyanza ya Speke ilipambwa London

Kapteni James Grant, mwenzake mpelelezi John Speke katika safari ya 1860 hadi 1863 ya kutafuta chanzo cha Mto Naili, alichora kwa mkono wake watu na vijiji walivyopitia. Michoro yake ya rangi ipo hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi. Lakini picha zilizochongwa kwa ajili ya kitabu cha Speke zilichorwa upya na Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyefanya kazi London na aliyekuwa akiyachorea pia magazeti ya picha. Ukilinganisha, utaona mara nyingi mchoro wa safarini una utulivu kuliko ule uliouzwa.

10. Gazeti hilohilo liliweza pia kuamsha huruma

Ireland ilipokumbwa na njaa kuu chini ya utawala wa Uingereza, The Illustrated London News lilimtuma mchoraji kutoka Cork, James Mahony, akaone mwenyewe. Picha zake za Skibbereen na vijiji jirani zilitoka Februari 1847: mama akiomba fedha za kumzika mtoto, vibanda, mikokoteni ya maiti. Mahony alikuwa mtu wa nchi ileile, na michoro yake hadi leo ndiyo inayotumika zaidi kuielezea njaa hiyo.

11. Njaa ya India ikapigwa picha ikiwa imepangwa safu

Miaka thelathini baadaye, njaa ya Madras ya 1876 hadi 1878 iliua mamilioni. Willoughby Wallace Hooper, ofisa wa jeshi la kikoloni, aliwapanga watu waliobaki mifupa mbele ya kamera yake kama vile wanapiga picha ya familia. Magazeti ya London yalichonga picha za namna hiyo mwaka 1877. Hooper mwenyewe alilaumiwa kwa kuwapiga picha badala ya kuwalisha. Majina ya waliopigwa picha hayakuandikwa.

12. Jacob Wainwright alitajwa kwa jina

Mmisionari na mpelelezi David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, watu wake waliukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo. Miongoni mwao alikuwa Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Alisafiri na jeneza hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa waliolishika pazia la jeneza katika kanisa la Westminster Abbey. Magazeti yalimchora na kumtaja. Abdullah Susi na James Chuma, waliouongoza msafara ule, hawakuwapo siku hiyo. Waliletwa Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.

13. Sultani aliyechorwa naye alikuwa na mwandishi wake

Sayyid Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875, miaka miwili baada ya kubanwa na mizinga ya Waingereza akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Magazeti ya picha yalimfuata kila alikokwenda. Wengi hawajui kwamba upande wa Zanzibar nao ulikuwa ukiandika. Zahir bin Said, aliyekuwa katika msafara, aliandika kwa Kiarabu habari za safari nzima, na kitabu chake kikachapwa London mwaka 1878. Kwa hiyo ziara hiyo ina kumbukumbu mbili: Waingereza wakimtazama Sultani, na Wazanzibari wakiwatazama Waingereza.

14. Kichwa cha habari kilificha nusu ya wapiganaji

Mwaka 1888 watu wa mrima waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kutawala miji yao na forodha zao. Magazeti ya Ujerumani yaliuita "uasi wa Waarabu", na picha zikafuata kichwa cha habari: vilemba, majambia, biashara ya watumwa. Kweli Bushiri bin Salim, aliyewaongoza, alikuwa na nasaba ya Kiarabu, lakini waliopigana walikuwa pia Waswahili wa mijini na watu wa bara, na huko Saadani aliongoza Bwana Heri, Mzigua. Jina lile liliisaidia serikali ya Bismarck kupata fedha bungeni kwa madai ya kupiga vita utumwa. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

15. Rangi ililetwa na mtambo wa Marinoni

Le Petit Journal la Paris liliuzwa kwa santimu tano tu. Mkuu wake, Hippolyte Marinoni, alikuwa fundi wa mitambo ya chapa inayozunguka, na kuanzia mwaka 1890 nyongeza ya wiki ya gazeti hilo ikatoka na jalada la rangi. Gazeti hilo liliuza nakala milioni moja na zaidi. Picha za ukoloni zikatoka sebule za matajiri zikaingia jikoni kwa mfanyakazi wa kiwanda, nyekundu ya damu ikiwa nyekundu kwelikweli.

16. Mfalme wa Kiafrika aliweza kuwa adui au shujaa, kutegemea anapigana na nani

Behanzin wa Dahomey alitokea katika jalada la Le Petit Journal mwaka 1892, wakati Ufaransa ikijiandaa kumwondoa. Aliishia uhamishoni Martinique na kufia Algiers mwaka 1906. Menelik wa Ethiopia alitokea mwaka 1898 akiongoza jeshi lake Adwa, pale alipowashinda Waitalia tarehe 1 Machi 1896. Yeye alichorwa kwa heshima. Ufaransa ilikuwa na urafiki na Menelik, na haikuwa na huzuni yoyote kwa kushindwa kwa Italia.

17. China ilichorwa kama keki

Jalada la Le Petit Journal la tarehe 16 Januari 1898, la mchoraji Henri Meyer, limeingia katika vitabu vya historia vya dunia nzima. Malkia Victoria na Kaisari Wilhelm wanatazamana kwa hasira, kisu cha Mjerumani kimeshachoma keki yenye jina la China, Mrusi na Mjapani wanapima vipande vyao. Marianne, alama ya Ufaransa, amesimama nyuma ya Mrusi, hana kisu mkononi. Gazeti la Kifaransa halikutaka Ufaransa ionekane ikikata.

18. Fashoda ilikuwa hadithi ya mbwamwitu

Miezi kumi baadaye, tarehe 20 Novemba 1898, Ufaransa ilikuwa imeamriwa na Uingereza iondoke Fashoda, kwenye Mto Naili, mahali panapoitwa leo Kodok nchini Sudan Kusini. Le Petit Journal likamchora mtoto wa kike mwenye kofia nyekundu na mbwamwitu aliyevaa kama bibi kizee wa Kiingereza. Kati yao, keki ya Fashoda. Washilluk, wenye nchi hiyo, hawamo pichani kabisa.

19. Wapo waliochora wakicheka, na kicheko kikauma

Mei 1904, vita vya Waherero dhidi ya Wajerumani vikiwa vimeshawaka, jarida la vichekesho la Simplicissimus la Munich lilitoa toleo maalumu la makoloni. Ukurasa wa Thomas Theodor Heine una sehemu nne. Mjerumani amewafunza twiga gwaride na kumfunga mamba mdomo. Mwingereza mmoja anammiminia Mwafrika pombe, mwingine anamkamua kwa shinikizo mpaka sarafu zinamtoka, na kasisi amesimama pembeni akisoma kitabu. Mfaransa amekumbatiana na wanawake. Mbelgiji anamchoma mtu motoni, chakula chake kinaiva. Heine alikuwa ameshafungwa mwaka 1898 kwa kosa la kumkejeli Kaisari, hakuacha. Hata hivyo Waafrika wake walibaki vikaragosi, midomo minene na macho makubwa. Aliukejeli ukoloni bila kuukejeli mkono wake mwenyewe.

20. Matangazo yalifanya kazi ileile

Fungua kurasa za nyuma za magazeti hayo. Mwaka 1899 tangazo la sabuni ya Pears lilimwonyesha Admirali Dewey wa Marekani akinawa mikono melini, na kwenye kona ya chini mzungu akimpa sabuni mtu mweusi aliyepiga magoti. Maelezo yake yaliifanya sabuni kuwa hatua ya kwanza ya ustaarabu. Marekani ilikuwa imeitwaa Ufilipino muda si mrefu kabla ya hapo. Biashara na utawala vilikuwa vikitumia mchoro mmoja.

21. Berlin ilipowaweka watu maonyeshoni, mmoja alinunua darubini

Mwaka 1896 maonyesho ya Treptow, Berlin, yaliwaleta watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Ujerumani, wakiwamo wa Afrika Mashariki, waishi ndani ya vijiji vya kuigiza huku wageni wakilipa kiingilio na magazeti yakipiga picha. Kwelle Ndumbe, kijana wa Kameruni aliyepewa na Wajerumani jina la Bismarck Bell, alijinunulia darubini ndogo ya ukumbi wa michezo. Wageni walipokuja kumkodolea macho, aliiinua akawakodolea wao.

22. Wapagazi wa mawindo hawana majina

Safari ya Winston Churchill Afrika Mashariki ilichapwa kwa mfululizo katika jarida la The Strand mwaka 1908. Ya Theodore Roosevelt ilianza katika Scribner's mwaka 1909, ikiwa na fotografia tele. Kila simba aliyeuawa ana tarehe na mahali. Mamia ya watu waliobeba mahema, chumvi, ngozi na vitabu vya Roosevelt, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, kwa sehemu kubwa wameandikwa kwa jumla tu: wapagazi.

23. Nsala wa Wala ana jina

Mei 1904, kwenye baraza ya misheni ya Baringa, Kongo, Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba aliyeketi akitazama vitu viwili vidogo sakafuni. Ni mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Nsala alikuwa amevileta vikiwa vimefungwa kwenye majani. Picha ikaingia katika kitabu cha mwanaharakati E. D. Morel mwaka huohuo, na picha za Alice zikaonyeshwa kwa taa kumbi kwa kumbi nchini Uingereza. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi, alijibu kwa jarida lake mwenyewe la lugha kadhaa, likawekwa hata kwenye mabehewa ya kulala ya treni za Ulaya. Halikumfaa. Mwaka 1908 alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Picha ile ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuja na jina la baba, jina la mtoto, mahali na kosa.

24. Waswahili nao waliielezea Ulaya

Je, wajua kwamba Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896 na kuandika safari hiyo kwa Kiswahili? Maelezo yake yamo katika "Safari za Wasuaheli", mkusanyo uliotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901. Amur bin Nasur naye, aliyefundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890, aliandika alivyouona mji huo. Magazeti ya picha yaliyouzwa mitaa ya jirani hayakuwatafuta.

25. Magazeti ya Kiswahili yalianza bila picha nyingi

Msimulizi lilitolewa na wamisionari wa UMCA Zanzibar mwaka 1888. Kiongozi lilichapwa katika shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga kuanzia mwaka 1904. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam Januari 1923, likiwa mali ya Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza. Lilikuwa na picha, na mashairi ya wasomaji yalijaa humo, ya Shaaban Robert yakiwamo. Wenye mitambo walikuwa wakoloni na wamisionari, lakini barua na tungo zilikuwa na majina ya wenyewe na miji yao.

26. Van Gogh alikuwa mteja

Januari 1883, akiwa The Hague na mfukoni hana kitu, Vincent van Gogh alinunua mabuku 21 ya The Graphic. Alivutiwa na michoro ya mafukara wa Uingereza, akaikata na kuihifadhi kwa mamia. Wachoraji waliowajali maskini wa London walikuwa wakichapwa katika gazeti lilelile lililoshangilia vita vya Uzulu.

27. Rangi kwenye fremu huenda ni mpya

Unaonyeshwa ukurasa wa "Zanzibar 1873" wenye bahari ya buluu na kilemba chekundu? Kurasa nyingi za habari za miaka hiyo zilitoka nyeusi na nyeupe. Wauzaji wa baadaye walikata mabuku, wakapaka rangi ya maji kwa mkono ili bei ipande. Kwa kukata, walitenganisha picha na makala yake, na mara nyingi na tarehe yake.

28. Yote yalikufa, lakini kumbukumbu zipo

The Graphic lilifungwa mwaka 1932. L'Illustration na Illustrirte Zeitung ziliishia 1944. The Illustrated London News liliacha kutoka kila wiki mwaka 1971, na toleo la mwisho lilikuwa mwaka 2003. Le Petit Journal unaweza kulisoma bure mtandaoni kupitia Gallica, maktaba ya kidijitali ya Ufaransa. Chuo Kikuu cha Frankfurt kimeweka mtandaoni picha zaidi ya 50,000 za Shirika la Makoloni la Ujerumani, na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye fotografia zipatazo 7,000 za Afrika Mashariki.

Neno kwa msomaji

Ukiletewa picha ya zamani, iulize maswali manne kabla hujaisambaza. Nani aliyechora, na alikuwapo? Nani aliyechonga au kuikamilisha, na akiwa wapi? Tarehe ya tukio na tarehe ya gazeti zinapishana kiasi gani? Nani ametajwa kwa jina, na nani ameachwa? Swali la nne ndilo kubwa, kwa sababu picha nyingi za ukoloni zinamjua vizuri mwenye bunduki na hazimjui kabisa aliyesimama kando yake.

Kosa hilo tusilirudie sisi. Chukua picha za zamani zilizo nyumbani, kaa na wazee, uliza ni nani, ni wapi, ni mwaka gani, kisha andika nyuma kwa penseli laini. Wakiondoka wenye kuwajua, hakuna maktaba itakayokujazia majina hayo.